Ringi Nyeupe za Mbuya

Mmeniuliza mara nyingi, wengine kwa upole na wengine huku mmenishika kola, ilikuwaje huko Kampala. Nimechoka kuanza upya kila anapoingia mtu na tairi lake. Basi naandika mara moja tu. Someni, kisha mniache nifanye kazi. Mambo ya vibali na tiketi nayaruka, hayana utamu wowote na yalinitoa jasho la bure.

Kwa asiyenijua, mimi ni Wekesa, fundi wa magurudumu makubwa hapa Eldoret. Nashughulikia matrekta, magreda, na yale mashoveli ya kuchotea kokoto ambayo tairi lake moja linamzidi mtu kimo. Dada yangu Nekesa ameolewa Kampala na Kambale, Mkongo wa upande wa Butembo aliyekimbia vita vya kwao akiwa kijana. Naye ni fundi wa kazi hii hii. Nilimpenda tangu siku aliyokuja kuposa, kwa sababu alipopewa kiti aliacha kukaa, akaenda kwanza kulitazama trekta bovu lililokuwa uani.

Habari niliipata kwa dereva wa lori la chumvi. Aliyasema maneno ya dada yangu kama alivyoagizwa, bila kuongeza lake. Gurudumu la shoveli limepasuka kwenye yadi ya jeshi anakofanya kazi Kambale, askari mmoja amekufa, na mkubwa wa yadi anasema Kambale alilihujumu. Kambale haruhusiwi kutoka yadi. Amepewa nafasi moja tu, amlete fundi atakayesema ringi ilivunjwa na nini. "Dada yako anasema uje na nyundo yako," dereva akamaliza, kisha akaomba maji ya kunywa.

## Eldoret hadi Malaba

Nilipanda lori hilo hilo. Kabla ya Bungoma tukapata pancha, na dereva akacheka sana kwamba amembeba fundi wa matairi halafu tairi linamwaibisha. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechomelea chuma wiki nzima, macho yangu yalikuwa mekundu na yanawasha, nami niliziba mwanga kwa miwani myeusi niliyonunua hapa hapa sokoni.

Malaba tulikaa sana. Mama mmoja aliyeuza mayai ya kuchemsha alinitazama, akaniuliza naelekea wapi. Nilipomwambia Kampala, akanimenyea yai mwenyewe, akalitia chumvi, akasema, "Kula ushibe. Na huko usiwe unaangalia watu sana." Nilimwona mama wa maneno mengi. Nikala mayai yake na kuvuka.

## Malaba hadi Jinja

Upande wa pili niliacha lori nikaingia basi, na nataka kukiri kwamba mwanzoni niliwapenda sana watu wa Uganda kwa adabu yao. Nilipopanda, mzee aliyekuwa kiti cha mbele alinyanyuka akanipisha. Nilikataa, akasisitiza, akaenda kusimama nyuma kabisa ingawa viti vilikuwepo. Nilipoweka mkoba wangu chini, mtu alivuta miguu yake. Jirani yangu alinipa ndizi zilizochomwa bila kuombwa. Nilimwuliza habari za mvua, akasema mvua ni nzuri. Nikamuuliza kama ni nyingi, akasema si nyingi. Nilipomwambia kwamba kwetu imechelewa, akasema hata kwao imechelewa. Nikajiambia, huyu mtu hapendi ubishi.

Basi zima lilikuwa kimya. Hata mtoto aliyekuwa analia mapajani mwa mama yake alizibwa mdomo kwa kiganja, taratibu, mpaka akalala. Kila tulipopishana na gari dogo jeupe lisilo na namba, watu wote waliangalia vidole vya miguu yao. Nami nikaangalia vyangu, ili nisionekane mshamba.

Jinja basi liliharibika. Tulingoja tangu asubuhi mpaka jua likapita utosini. Niliingia mkahawa mdogo nikaagiza chai tu. Mwenyewe akaniletea samaki mzima wa kukaanga, ugali wa muhogo, na bakuli la mchuzi wa karanga. Nilimwambia sikuagiza. Alisimama mbele yangu amefumbata mikono, na jasho linamtoka puani. "Afande," akasema kwa sauti ndogo, "mtoto wangu hajafanya kitu. Yeye anajua kusoma tu."

Nilikaa na kipande cha samaki mdomoni. Ndipo nilipofahamu kwamba katika nchi ile wanaovaa miwani myeusi ni watu wa kazi moja, kazi ya kuchukua watu. Niliivua nikamwambia mimi ni fundi wa matairi kutoka Kenya. Hakuamini. Nilipomwonyesha nyundo kwenye mkoba ndiyo kabisa, alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Niliondoka bila kumaliza samaki, nami huwa simwachi samaki. Miwani niliitupa mtoni kutoka darajani, lakini nilipopanda basi tena walikuwa wameshanijua, na hakuna aliyekaa karibu nami hadi Kampala.

## Lubaga

Dada yangu anakaa Lubaga, chini ya kanisa kuu. Alinipokea kwa kunishika mikono yote miwili, hakulia. Alikuwa amepika matoke kwa majani ya migomba, na mchuzi wa karanga, akaweka sahani tatu mezani. Ya tatu aliipakulia, akaifunika, ikakaa pale mpaka tulipomaliza kula. Kisha akaifungia kwenye kitambaa nimpelekee mwenyewe.

"Kaka, nisikilize vizuri," akaniambia. "Huko wakikuuliza kosa ni la nani, usitaje mtu yeyote. Hata usiseme kuna mtu alisahau. Ukitaja, watamfuata huyo, na Kambale watabaki naye vilevile."

"Nikiona kweli kuna mtu aliharibu?"

"Hata ukiona."

Nilimwambia chuma hakinidanganyi, nitasema ninachokiona. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyevaa viatu vya kitajiri kwenye tope. Hapo niliogopa kwa mara ya kwanza.

## Yadi

Yadi iko chini ya kilima cha Mbuya. Zamani ilikuwa ya mkandarasi Mhindi, na Wahindi walipofukuzwa ikapewa mwanajeshi, Kapteni mmoja ambaye jina lake silitaji. Nilipoingia nilidhani nimefika makaburini. Ukutani, kuanzia langoni hadi mwisho wa banda, zilikuwa zimeegemezwa ringi na pete za magurudumu, zote zimepakwa rangi nyeupe, zimepangwa kwa ukubwa. Hakukuwa na tone la mafuta chini. Sijawahi kuona karakana safi namna ile, na sipendi kuiona tena.

Kambale alitoka nyuma ya greda. Alikuwa amekonda, shati limemwelea. Akapokea kile kifurushi cha chakula, akakinusa kwanza, kisha akanishika bega. "Shemeji, asante kwa kuya," akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Miko mzima."

Sasa niwaeleze kidogo, kwa wale mnaojua baiskeli tu. Ringi ya gurudumu kubwa haiwi kipande kimoja. Ni pipa fupi la chuma, na pembeni yake kuna mfereji. Ndani ya mfereji huo inakaa pete, na pete hiyo peke yake ndiyo inayozuia upepo wote usilitupe tairi nje. Kila pete ina ringi yake, na alama zake zimegongwa kwenye chuma. Ukiweka pete ya ringi nyingine itaonekana imekaa, ila haijakaa. Ndiyo maana fundi wa kazi hii hasimami mbele ya gurudumu linapojazwa. Anasimama pembeni, na mwenye akili husimama nyuma ya ukuta.

Pete iliyoruka siku ile ilimpitia yule askari na kutoboa bati la paa. Haikuonekana tena. Kupitia tundu hilo jua lilianguka sakafuni, duara dogo, na tangu asubuhi duara lile lilitembea polepole kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Wafanyakazi wote walilikwepa. Mtu aliyebeba jeki nzito alizunguka mbali, akarudi, kuliko kulikanyaga. Mwanzoni niliwaona wajinga. Ilipofika saa sita nami nilikuwa nalizunguka.

Nilianza kazi. Ringi iliyovunjika nilikwangua rangi kwa kisu, nikaipaka mafuta ya taa, nikaifuta kabisa, kisha nikaipulizia unga wa chaki. Ukingoja kidogo, mafuta yaliyojificha kwenye ufa yanatoka na kuuchora. Mistari ikatokea mmoja baada ya mwingine, myembamba, imezunguka mfereji wote. Kutu ilikuwa ndani ya nyufa, maana yake ni za zamani. Hakuna aliyekata kitu. Nikagonga zilizobaki ukutani kwa nyundo. Nzima hulia kama kengele, yenye ufa hulia kama sufuria. Nyingi zilikuwa sufuria.

Kisha nikakwangua pete za ukutani. Alama zilikuwa chini ya rangi, na hazikuoana na ringi. Mtu alikuwa amezitenganisha zote, akazipaka, akazipanga kwa ukubwa, na hakuna aliyejua tena ipi ni ya ipi.

"Nani alipaka rangi hii?" nikauliza kwa sauti ya kawaida.

Kazi zote zikasimama. Ssalongo, Mganda wa makamo anayetunza stoo, aliacha kufagia. Alikuja karibu yangu, akainama kama anayeokota msumari. "Ssebo," akanong'ona, yaani bwana kwa Kiganda, "nilipaka mimi. Kapteni aliamulu, kwa sababu wakubwa walikuja kukagua. Alitaka vitu vyote viwe vyeupe. Usiseme langi, ssebo. Nina mapacha."

Nilikasirika. Nilikuwa nimesafiri njia yote ile kutafuta jibu, nikalipata kabla ya chakula cha mchana, na jibu lenyewe lilikuwa na sura mbili tu, ya mtu aliyeamuru na ya mtu aliyetii. Ya kwanza haitajiki. Ya pili ilikuwa imeinama mbele yangu na ufagio. Nikarudisha kisu mfukoni.

## Katwe

Kapteni hakuwepo siku hiyo. Nilimwambia Kambale kwamba maneno matupu hayatamtoa, lazima tuonyeshe gurudumu moja lililofungwa sawasawa. Ringi moja nzima ya shoveli ilikuwepo, pete yake haikuwepo. Ssalongo akakumbuka kwamba pete zilizoonekana zimezidi ziliuzwa vyuma chakavu Katwe.

Katwe ndipo pekee Kampala nilipokuta makelele, na yalinipoza moyo. Watu wanagonga mabati kutwa nzima, wanatengeneza sigiri, masanduku, na majiko ya kila namna. Nilipita kibanda hadi kibanda nikiuliza pete kubwa ya chuma, wakaniletea hata pete za ndoa. Mwishoni nilimkuta mama anayewapikia mafundi katogo ya ndizi na utumbo. Sufuria lake lilikuwa kubwa ajabu, limekalia chuma cha mviringo juu ya mawe. Niliinama, nikafuta masizi kwa kidole, alama ikatokea. Ndiyo yenyewe.

"Chuma hiki nakitaka, mama," nikasema.

"Ssebo, watu wanangoja kula."

"Shemeji yangu anangoja pia."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Aliuliza, "Mbuya?" Nikaitika kwa kichwa. Akawaonyesha mafundi sufuria. Mafundi wenye sahani mikononi waliinua sufuria, wakaliweka chini, wakaisukuma pete kwa fimbo na kuimwagia maji. Chuma kilichokaa motoni hulegea. Niliipima, nikaigonga, nikaipaka mafuta ya taa na chaki pale pale mbele ya watu wote. Haikuwa na ufa na haikuwa imepinda, kwani moto wa kuni ulikuwa katikati na yenyewe ilikaa pembeni. Lakini kusema nilikuwa na hakika kabisa, hapana.

## Mbele ya gurudumu

Kapteni alikuja kesho yake na askari wake. Ni mtu mfupi, ana sauti ya upole. Alipiga kiberiti akaniuliza bila kunitazama.

"Wewe iko fundi ya Kenya?"

"Ndiyo, afande."

"Sema, nani alikata hii chuma?"

"Hakuna, afande. Chuma kimechoka."

Akageuka. "Nani nachosha yeye?"

Nilisikia ufagio wa Ssalongo ukisimama. "Kazi," nikasema. "Mawe, mashimo, miaka. Nyufa zina kutu ndani, ni za tangu wakati wa Mhindi. Chuma kilifanya kazi kwa uaminifu mpaka kikaisha."

Maneno ya uaminifu yalimpendeza. Alipitisha kidole kwenye mistari ya chaki, akakitazama kidole chake, akakifuta kwenye shati la askari aliyekuwa karibu. Kisha akalionyesha gurudumu tulilolifunga.

"Na hii? Iko salama?"

"Salama, afande."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Mzuri," akasema kwa upole ule ule. "Basi jaza upepo. Na huyu ya Kongo asimame mbele."

Nilimwambia kazi yetu haifanywi hivyo. Akasema kama ni salama, basi ni salama kwa kila mtu. Nikamwambia nisimame mimi. Akacheka, akasema nani atajaza. Kambale alikuwa ameshatembea. Alisimama mbele ya gurudumu, karibu, mikono pembeni, kama mtu anayepigwa picha.

"Weka tu upepo, shemeji," akasema. "Ile pete nimeiona. Haina shida."

Nilifungua upepo. Msiniulize ilichukua muda gani. Niliangalia geji na nikamwona dada yangu akiifunika ile sahani ya tatu. Kiganja changu kiliroa hadi mpira wa upepo ukawa unateleza. Niliwaza kudanganya, nijaze nusu niseme limejaa, lakini Kapteni alikuwa ameinama juu ya geji na mimi, namsikia anavyopumua. Tairi likavimba. Chuma kikaanza kulia kidogo kidogo ndani.

Kisha likapiga.

Nanyi mafundi mnajua. Tairi kubwa linapokaa kwenye ringi yake, ukingo wake unaruka na kulia sawa na bunduki. Ni mlio mzuri, ndio tunaoungoja. Lakini askari wale hawakuujua. Yadi nzima ililala chini. Wengine walikoki silaha wakiwa kifudifudi, na Kapteni alikuwa chini ya greda, kofia yake imebiringika mpaka kwenye lile duara la jua. Aliyebaki amesimama ni Kambale peke yake, na mimi niliyeshika upepo.

Hakuna aliyecheka. Nadhani ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya Kampala. Kapteni alitoka, akapangusa magoti, akatutazama mmoja mmoja taratibu, kuona nani amemwona. Ssalongo alikuwa anaangalia paa. Kofia ilibaki pale juani, na hakuna askari aliyekwenda kuiokota. Akaiendea mwenyewe.

"Chuma nzima," akasema. "Huyu hapana hujumu. Ataenda kulala kwake." Nilitaka kumshukuru, naye akaendelea. "Lakini kutoka leo, kila mpila ya yadi, yeye nasimama mbele. Siku mpila nakataa, ikatae na yeye."

## Kurudi

Nilibaki nikikwangua alama na kufunga magurudumu mengine. Kila moja Kambale alisimama mbele, na kila moja nilijaza mimi. Mwanzoni askari alikuwa anamwita. Baadaye hakuitwa tena, akisikia kompresa inanguruma anaweka spana chini na kwenda mahali pake. Jioni tulirudi Lubaga, tukala, hatukulizungumza.

Ila nilijua, na Nekesa alijua. Nikishaondoka, ukutani zingebaki zile pete nyeupe, na wa kuzifunga wangekuwa watu wasiokwangua rangi. Swali halikuwa kama pete itaruka, bali lini.

Nikamwambia Kapteni pete zinazofaa ziko Eldoret, na kwamba Kambale ndiye anayezitambua kwa kuzishika. Akauliza, "Mwanamke yake?" Nikasema anabaki, afande, naye akaturuhusu kwenda. Wakati nasema hivyo dada yangu alikuwa ameshapanda lori la chumvi, ameacha nguo zake za harusi zimeanikwa uani na redio inaimba dirishani, majirani wajue yupo. Nguo zile za harusi yake ziko pale mpaka leo, kama hazijaibwa.

Mpakani askari aliichukua pete tuliyobeba kama mfano. Akaiinua, akapitisha uso wake katikati, akatuangalia kupitia humo kwa muda mrefu, mimi kisha Kambale kisha mimi. Sikujua anatafuta nini. Halafu akaturudishia na kutuonyesha njia. Nekesa alikuwa upande wa pili, amekaa kwenye gunia. Hapo sasa ndipo alipolia, nami nikalia bila aibu.

Mnajua mengine, kwamba wako hapa, kwamba Kambale anafanya kazi kwangu na anaifanya vizuri. Msichokijua ni siku ya kwanza alipokuja mteja mwenye trekta. Nilifunga tairi, nikawasha kompresa. Kambale aliweka spana chini, akatembea, akasimama mbele ya gurudumu, mikono pembeni.

Nikazima. "Shemeji, hapa kwetu hakuna haja."

"Minajua," akasema. "Ni miguu tu."

Hajaacha. Basi mkija na matairi yenu mkaniona namshika mkono na kumtoa pale kabla sijafungua upepo, msicheke, wala msimwulize. Mshikeni mkono wa pili.